Bora Kuliko Nani?

Wenzangu mliobaki ofisini mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, na mwenzenu Raya akaongeza kwa ujumbe wa simu: "Lakini usitie chumvi, Bi Zuwena." Nimecheka peke yangu. Mtu aliyemaliza ujana wake akipunguza chumvi kwenye matangazo ya watu, leo anaonywa asitie yake. Basi nitajitahidi. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini asome kitu kingine, maana ofisi yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: mwenye ofisi, na sisi wengine.

Mwenye ofisi alikuwa Mzee Khelef, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Zamani alikuwa mtangazaji wa redio, na alipoacha redio akafungua ofisi ya matangazo Mkunazini, chumba kimoja juu ya fundi cherehani. Tuliandika matangazo ya redio, vipeperushi, mabango ya maduka, na maneno ya mtu yeyote aliyekuwa na kitu cha kuuza na hajui aseme nini. Mimi niliingia nikiwa msichana aliyemaliza skuli na sifa moja tu, kwamba insha zangu zilikuwa zikisomwa mbele ya darasa. Kwetu ni watu wa asili ya Uarabuni, waliokuwa na mashamba ya karafuu ambayo mimi nimeyakuta kwenye mazungumzo tu, na mtoto wa kike kwenda kuwapigia watu debe haikuwa habari ya kujivunia. Mama aliwaambia majirani kuwa nafanya kazi ya uandishi. Hakuongopa, ila hakufafanua.

Siku ya kwanza nilipewa tangazo la muuza mapangaboi wa Darajani. Nikakaa mbele ya taipureta nikajaza ukurasa mzima, na sentensi ya kwanza naikumbuka mpaka leo: "Pangaboi bora, lenye upepo mwanana wa kipekee." Nikampelekea Mzee Khelef nikiwa na hakika kuwa atawaita watu waje wasikilize. Aliisoma kwa ile sauti yake ya redio, polepole, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Bora kuliko nani?"

Nikaichungulia karatasi mkononi mwake.

"Mtaje. Umesema hili ni bora, kwa hivyo kuna jengine ambalo si bora. Ni la nani?"

"Sijui, Mzee."

"Na mtu anayekwenda kununua pangaboi, umemuona?"

"Sijamuona."

"Basi nenda kamuone, halafu ndiyo uje uandike."

Nilisimama kwenye duka lile mpaka adhana ya adhuhuri, nikijifanya namsubiri mtu. Hakuna mteja hata mmoja aliyeuliza habari za upepo mwanana. Waliuliza bei, hilo halina ajabu, na baada ya bei karibu kila mmoja aliuliza jambo lile lile: umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo, haliungui? Mwenye duka alikuwa akilijibu suali hilo kila siku na hakuwahi kufikiri kuwa hapo ndipo lilipo tangazo lake. Nikamuuliza kama kweli haliungui, akalinyooshea kidole la kwake, lililokuwa likizunguka juu ya kichwa chake tangu alipofungua duka. Nikarudi ofisini nikaandika mstari mmoja: "Umeme ukirudi, na pangaboi lako litarudi." Mzee Khelef aliusoma, akaniambia nimimine kahawa. Ilinichukua muda kufahamu kuwa kwake yeye hiyo ilikuwa pongezi.

Hiyo kahawa niieleze, kwa sababu ilikuwa zana ya kazi kama taipureta. Mteja akija haulizwi kitu mpaka ameshika kikombe. Kikombe cha kwanza watu husema walichokuja wamekipanga, kwamba bidhaa yao haina mfano na wateja wote wanaipenda. Mzee Khelef alikuwa akiitikia kwa kichwa tu, haandiki hata herufi. Kikombe cha pili ndipo mtu hulegea. Kashata ilikuwa na kazi yake pia, maana mwenye kashata mdomoni hawezi kukatiza suali, na wewe unayeuliza ukiwa nayo huwezi kujijibu mwenyewe. Nyinyi siku hizi mnaongea na wateja kwa simu huku mnatembea. Sisemi kitu, lakini kashata haipiti kwenye simu.

Jambo kubwa alilonifundisha ni namna ya kuwauliza watu wa hapa kwetu. Sisi hatumwambii mtu usoni kuwa kitu chake hatukitaki. Ni aibu kwake na ni aibu kwetu. Ukimuuliza mtu, "Unakipenda?" atakwambia masha Allah. Ukimuuliza, "Utanunua?" atakwambia inshaallah. Mgeni anayetoka mbali anaweza kurudi kwao na mkoba uliojaa inshaallah akadhani amefanya biashara. Ndiyo maana Mzee Khelef alikuwa amepiga marufuku masuali yote ya kesho. Usimuulize mtu atafanya nini, alisema, muulize alifanya nini. Mara ya mwisho alinunua lini, alikuwa anakwenda wapi, alimnunulia nani, na kabla ya kununua alihofia nini. Jambo ambalo mtu ameshalifanya halina haja ya adabu, atalieleza kama lilivyokuwa.

Nimeyatumia masuali hayo kwa kila aina ya mteja. Alikuja Bwana Makame wa Kidichi, aliyekuwa akiwatembeza watalii kwenye shamba lake la viungo, akataka kipeperushi kinachosema shamba lake ni pepo ya duniani. Kikombe cha pili nikamuuliza wageni wakishuka garini huuliza nini kwanza. Akakohoa. Akazungumzia mdalasini. Akazungumzia iliki. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Choo." Nikaandika chini ya kipeperushi kuwa choo safi kipo, mkono wa kulia ukiingia. Alikasirika, akasema nimemvunjia heshima, akaondoka na kipeperushi kwa hasira lakini akakichapisha. Baadaye mashamba mengine ya njia ile yaliandika hivyo hivyo, na Bwana Makame akawa anawalalamikia kuwa wamemuibia tangazo lake.

Kulikuwa na suali moja ambalo Mzee Khelef aliliweka mwisho kabisa, wakati mteja ameshaweka kikombe chini na anatafuta viatu: "Ukifunga kesho, nani atakuja kukutafuta?" Wengine waliudhika. Mmoja alidhani anatishwa. Lakini suali hilo lilimtenganisha mtu mwenye wateja na mtu mwenye bidhaa tu, na Mzee Khelef alisema hawezi kuandika neno mpaka ajue anamwandikia yupi. Alipofariki, Mungu amrehemu, taipureta ilikuwa imeshatiwa kabatini na ofisi ikachukuliwa na mwanawe. Ikaja kompyuta, wakaja vijana kama Raya wenye jicho la kupambanua rangi na picha ambalo mimi sijajaaliwa. Suali nikalirithi mimi.

Sasa niwaeleze kazi ya Bi Mize, kwa sababu ndiyo iliyonifunza mengi kuliko zote, na Raya atanisuta nikiikosea.

Ilikuwa mwaka ule wa maradhi, mahoteli ya pwani yamefunga na ndege za watalii haziji. Mwezi wa Rajabu, asubuhi, akapanda ngazi zetu mwanamke wa makamo yangu, anapumzika kila baada ya vidato vichache, na kikapu kizito mkononi. Raya alimwahi mlangoni.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Nnataka watu wa tangazo."

Ndiye Bi Mize, mtu wa Paje. Alipopata pumzi na kahawa alitueleza. Yeye na wenzake walikuwa wakulima wa mwani. Kazi hiyo unaifanya umeinama ndani ya maji, unafunga mwani kwenye kamba zilizotandikwa kati ya vijiti, na bahari inakula miguu yako taratibu. Maji yalipoanza kupata joto mwani ukawa unakufa, na ule uliopona ukikaushwa haukuwapa kitu. Wakajifunza kuusaga na kuutia kwenye sabuni. Watalii waliipenda, wakajenga banda, wakatoka majini. Sasa watalii hawapo.

"Tukasema basi tuwauzie watu wetu," alisema. "Tumekuja mjini, tumeingia nyumba kwa nyumba. Wameipenda, Bi Zuwena! Kila nyumba masha Allah, masha Allah, inshaallah tutachukua. Tukarudi Paje tukapika nyengine nyingi."

"Wamechukua wangapi?" aliuliza Raya.

"Bado. Lakini wameahidi."

Mimi na Raya hatukutazamana, na kutotazamana kwenyewe kulikuwa kugumu.

Bi Mize aliweka kikombe chini. "Tumekubaliana na wenzangu. Ramadhani ikiingia na sabuni zimo ndani, banda tunafunga, kila mtu arudi kwenye mwani wake. Wao wataweza, bado wana nguvu. Mie magoti haya hayanirejeshi majini, daktari nshamsikia. Na kazi nyengine siijui. Kwa hivyo nnataka tangazo la redio, zuri, lenye muziki."

Nikamuuliza lile suali. Nilitaka kulimeza lakini kazi ni kazi. "Bi Mize, ukifunga kesho, nani atakuja kukutafuta?"

Aliikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua. "Labda kuku wa jirani," alisema. "Wanalala kwenye kivuli cha banda."

Alicheka, na sisi tukacheka kwa kumfuata, lakini mimi moyo uliniuma na nasema wazi kuwa uliniuma. Nimekutana na wateja wengi waliokuwa wakijidanganya. Huyu hakujidanganya, alidanganywa na tabia njema ya watu wa mjini, mimi nikiwa mmojawapo. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Kila nyumba ilimpa inshaallah yake kwa upole, na kwa upole huo akapika sabuni za kujaza banda.

Mchana Raya alinionesha alichoanza kuandika kwenye kompyuta: "Sabuni Bora ya Asili, Hazina ya Bahari."

"Bora ku..."

"Kuliko nani, najua, Bi Zuwena, najua." Akaifuta. "Lakini tatizo ni mwani. Mtu wa mjini akisikia mwani anawaza shombo. Tulitoe hilo neno, tuite kitu chengine."

Bi Mize alikuwa bado amekaa, anangoja mchana upungue makali. Alikivuta kikapu chake karibu. "Mwani ndio uliowasomesha wanangu," alisema. "Kama hautajwi, bora nirudi kwa wale kuku."

Mimi nilikuwa upande wa Bi Mize, si kwa huruma tu. Sabuni usiyoweza kusema imetengenezwa kwa nini, mnunuzi wa kwanza atakayeuliza ataifichua. Lakini Raya naye alikuwa na lake la kweli, kwamba neno lile lina harufu masikioni mwa watu. Nikawaambia hatuandiki kitu mpaka tumuulize mmoja wa wale walioahidi. Nikamwomba Bi Mize anitajie nyumba iliyompokea vizuri kuliko zote.

"Kwa Bi Salha, Malindi," alisema bila kufikiri. "Alinipa na juisi."

Bi Salha ninamfahamu tangu chuoni, tulipokuwa tukisoma juzuu pamoja. Nilikwenda kwake alasiri ya siku ya pili na kashata zangu kwenye karatasi. Tukaulizana hali za watu wote wanaohusika na wasiohusika. Alipomimina kahawa ya pili nikaanza.

"Salha, mara ya mwisho kununua sabuni ya kunukia ilikuwa lini?"

"Mwezi uliopita."

"Ya kuogea?"

"Ya kuogea!" Alishangaa kweli. "Mie naoga sabuni ya mche kama watu wote. Hiyo ilikuwa ya begi. Begi la mwanangu mkubwa."

Nyinyi mnalijua begi, lakini nawaandikia na watakaokuja nyuma yenu. Bwana harusi hupeleka kwa bibi harusi begi lenye nguo, viatu, udi, manukato, mafuta na sabuni. Na begi halifunguliwi kimya kimya. Hufunguliwa mbele ya wanawake wa upande wa bibi harusi, na shangazi mmoja mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi hutoa kitu kimoja kimoja na kukiinua juu watu wakione.

"Ulichaguaje?" nikamuuliza.

"Nilisimama dukani mpaka miguu ikaniuma. Nilikuwa nawaza tu atakayeiinua. Nisije nikasemwa."

"Na ile ya Bi Mize wa Paje?"

Bi Salha akaona haya. Akatazama kikombe. Nikatia kashata mdomoni ili nisimsaidie.

"Yule mama nilimpenda," alisema mwisho. "Nilitamani nimchukulie. Lakini Zuwena, nitie kwenye begi kitu kimefungwa kwa gazeti? Shangazi wa watu atakitoa kwa ncha za vidole kama samaki wa jana. Nikaona nimwambie inshaallah, aende kwa amani."

"Uliinusa?"

"Nitainusaje na ilikuwa imefungwa?"

Nilirudi ofisini nimefurahi kama mtu aliyeokota pete. Miaka yote hiyo tulidhani sabuni ya kunukia inanunuliwa na mtu wa kuioga. Kumbe mnunuzi ni mama wa bwana harusi, haogi nayo yeye, na anachonunua ni ule muda mfupi wa kitu kuinuliwa mbele ya watu bila ya yeye kusemwa. Wala hakukuwa na aliyesema kuwa sabuni ni mbaya. Hakuna aliyekuwa ameinusa.

Bi Mize aliporudi tukafungua gazeti mezani. Ikanukia chumba kizima, mpaka fundi cherehani wa chini akauliza tunapika nini.

"Hii harufu ya nini?" Raya aliuliza.

"Maua ya mlangilangi," alisema Bi Mize, "na mafuta ya karafuu. Mwenzetu mmoja kaka yake anafanya kazi kwenye shamba la viungo la Kizimbani."

"Na mbona hukutuambia?"

Bi Mize alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini chai ina majani. "Kwani sabuni si lazima inukie?"

Kilichofuata kilikuwa cha Raya zaidi kuliko changu. Yeye ndiye aliyeuliza ni nani kule Paje anayesuka ukili, ule wa mikeka, na Bi Mize akasema nani asiyesuka. Wakakubaliana vipochi vidogo vya ukili wa rangi, visivyozibwa, ili harufu ipite yenyewe. Nikaongeza kuwa kila kipochi kiwe na sabuni mbili, kwa sababu kwenye begi kitu kimoja peke yake kinaonekana kimesahauliwa. Halafu nikakaa nikaandika, na baada ya kazi yote ile ya kuuliza, maneno yalikuja wakati kahawa haijapoa:

"Sabuni ya mwani na mlangilangi, kutoka Paje. Ya kutia kwenye begi. Ikiinuliwa, chumba kizima kitajua."

Bi Mize aliyasoma mara mbili. "Na muziki?"

"Hakuna muziki."

"Na redio?"

"Hakuna redio, Bi Mize. Kuna Bi Salha."

Hakufurahi, nami simlaumu. Alikuja kutafuta redio akapewa shoga yangu. Lakini Bi Salha alikuwa na mtoto wa kiume wa pili wa kumuoza mwezi wa Shaabani, na safari hii nilipomfikishia kipochi hakusema inshaallah. Alikipokea, akakitia puani, akaniuliza vipo vingapi.

Siku ya kufunguliwa begi nilikuwapo. Nilijipenyeza pembeni karibu na dirisha, nimejawa na woga kuliko bibi harusi mwenyewe. Akilini nilikuwa namuona Bi Mize kwenye ngazi zetu akitafuta pumzi, na nilijua kuwa nguo na viatu vikishatolewa, itatolewa sabuni, na ikitolewa kwa ncha za vidole basi habari itafika mitaa yote kabla ya magharibi na banda litafungwa. Shangazi wa bibi harusi alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, na hakuacha kitu bila neno. Viatu alivisifu. Kitambaa kimoja alikiinua, akakigeuza, akauliza kama ni cha pazia, akakiweka, na Bi Salha akainamisha kichwa. Kisha akatoa kipochi cha ukili. Akasoma karatasi yake.

"Mwani?" alisema kwa sauti.

Bi Salha akanitafuta kwa macho, na mimi nikatazama mkeka.

Shangazi akakisogeza kipochi puani. Akavuta pumzi. Akavuta tena, macho yamefumba. Hakusema neno, yeye ambaye tangu aanze hakunyamaza, akampa aliyekaa karibu naye. Huyo akanusa akampa mwenzake. Kipochi kikapita mkono kwa mkono, kikazunguka chumba, kikafika kwa wanawake waliokaa mlangoni, na huko kikapotea. Shangazi alipokitafuta hakukiona.

"Rudisheni sabuni ya mtoto wa watu!" alipiga kelele, na vigelegele na vicheko vikachanganyika. Katikati ya zogo lile nikasikia sauti ya mtu nisiyemjua ikiuliza, "Lakini ya wapi hii?" Nimeandika matangazo mengi maishani mwangu, na hakuna hata moja lililowahi kunifurahisha kama suali lile la mtu mwengine. Nilitoka nje nikafuta macho kwa ncha ya buibui.

Ramadhani ilipoingia banda halikuwa tupu. Raya amenikataza chumvi, kwa hivyo nasema kama ilivyokuwa: sabuni zilikuwa zimebaki, lakini wenzake Bi Mize waliona nafasi kwenye rafu ambapo zamani hapakuwa na nafasi, wakasema tungoje mpaka harusi za Mfunguo Mosi, Ramadhani ikimalizika. Wakangoja. Baada ya hapo hakuna aliyelizungumza tena suala la kufunga. Watalii walirudi nao wakanunua vipochi vile, ingawa hawajui begi ni nini na wanaweka funguo ndani yake.

Muda ukapita, na asubuhi moja Bi Mize akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa juu, nikadhani kuna msiba.

"Bi Zuwena, wamenigombeza!"

"Nani?"

"Wanawake wa mjini! Sote tulikwenda harusini Makunduchi, tukafunga banda. Nimerudi nimewakuta wamekaa nje kwenye kivuli, wamekuja na gari yao, na begi lao ni la kesho. Wamenigombeza, Bi Zuwena, kweli kweli! Wanasema mtu mzima hafungi banda bila kuwaambia watu!"

"Na kuku?"

"Kuku wamefukuzwa!"

Alicheka mpaka akakosa pumzi, na mimi nilikaa na simu sikioni nikimsikiliza anavyocheka. Hakuna aliyetaja lile suali. Sote wawili tulijua kuwa limejibiwa.

Ndiyo kazi hiyo, wenzangu. Siku ya kuniaga mlileta keki imeandikwa "Mwandishi Bora", nikauliza bora kuliko nani, na ofisi nzima ikaitikia pamoja nami. Nilikwenda nyumbani nimeridhika. Siku za mwanzo nilifurahia kulala baada ya sala ya alfajiri, nikaitia simu kwenye mtoto wa meza nisiisikie, nikapanga upya vyombo ambavyo havikuwa na haja ya kupangwa. Kisha asubuhi moja, nikiwa nachambua mchele, suali la Mzee Khelef likanijia mwenyewe. Nimefunga. Nani atakuja kunitafuta? Nililiweka kando upesi nikarudi kwenye mchele wangu. Mchele ulikuwa safi, nikauchambua tena.

Nikasikia chini uchochoroni:

"Bi Zuwena! We, Bi Zuwena!"

"Naam!"

Nikachungulia dirishani. Bi Mize amesimama mbele ya mlango wetu, mkono kiunoni, hana kikapu wala sabuni. Ngazi za nyumba yetu si za magoti yake, kwa hivyo alikuwa amekusudia kunimaliza kutoka huko huko chini, na majirani walikuwa wameshafungua madirisha.

"Umo ndani?"

"Nimo."

"Umo! Ofisini hupo, simu hushiki, mtu ninatoka Paje nnauliza duka kwa duka kama nnatafuta mbuzi aliyepotea! Mtu mzima anajifungia bila kuwaambia watu?"

"Bi Mize, nimestaafu."

"Umestaafu kazi, umestaafu na sisi?"

Dirisha la mbele mtu akacheka. Nikautua ungo wa mchele, nikatafuta buibui langu sikulipata, nikachukua kanga iliyokuwa karibu. Macho yalikuwa yamenijaa machozi na sikutaka yaonekane na mtaa mzima.

"Endelea kunigombeza, shoga," nikamwambia nikishuka ngazi, "nnakuja."